Mkono Uliojua Mishipa

Kambini kwetu, kambi ya polisi upande wa Nakawa, Kampala, kulikuwa na wakubwa wenye nyota mabegani na kulikuwa na Sista. Wakubwa walipigiwa saluti, Sista aliachiwa njia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, kandambili za bluu miguuni na mkoba mweusi begani, akikatiza katikati ya laini za nyumba kwa mwendo wa mtu aliyeitwa, hata siku ambazo hakuna aliyemwita. Alikuwa amestaafu uuguzi kabla mimi sijafika pale. Labda hakuna aliyemwambia maana ya kustaafu, au aliambiwa akapuuza, kwa sababu kupuuza alikuwa anakujua vizuri.

Niliishi naye jirani miaka mingi na nilimpenda. Haya nayasema nikiwa bado nina hasira naye, kwa hiyo msinitegemee niwe hakimu.

Nyumba zetu zilikuwa vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo watu waliviita mama ingia pole, maana ukiingia kwa haraka unagonga kichwa au unamkanyaga aliyelala. Ndani ya kibanda kimoja mna kitanda, pazia, jiko, sare ya askari imetundikwa msumarini, na watoto mnaowapanga kama vyombo. Mimi niliingia pale pole kama wenzangu. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikawa nauza mitumba soko la Nakawa, na huko ndiko alikonikuta Okot, konstebo kutoka Gulu, akanunua shati moja kwa muda mrefu sana. Tukaoana. Kambi nzima ikaniita Mkenya, na mpaka naondoka hakuna aliyejisumbua kujifunza jina langu lingine.

Sista alinisalimu siku ya kwanza kwa kunishika mkono juu ya kiwiko. Nilidhani ni desturi ya kwao. Kumbe kidole gumba chake kilikuwa kinatafuta kitu pale kwenye kunjo la mkono, polepole, huku mdomo unauliza habari za safari.

"Wewe Mkenya," akasema, "wewe iko na mshipa mzuri sana. Siku moja mtu atafurahi."

Hivyo ndivyo alivyowajua watu. Majina aliyasahau, sura alizichanganya, lakini mshipa hakuusahau. Ukimtajia jirani wa laini ya nyuma alikunja uso, ukimwambia yule mrefu anayefuga njiwa akaendelea kukunja uso, halafu ghafla akacheka: "Aa, ule wa mshipa ya kukimbia!" Alimfahamu mkuu wa kambi kwa mshipa wa mkono wa kushoto uliojificha chini ya mafuta, na alilitangaza jambo hilo mbele ya watu bila aibu. Mkuu mwenyewe alitabasamu tu. Angefanya nini? Mwanamke yule alikuwa amemwona akilia kwa malaria.

Mkono wake wa kulia ulikuwa kitu cha kutazama. Mwili wote ulikuwa na haraka isipokuwa mkono huo. Akishika sindano, mkono ulitulia kabisa, ukaingia, na mgonjwa akauliza, "Tayari?" wakati Sista ameshaanza kubandika plasta. Wasichana waliokuwa wanasomea uuguzi walikuja kumtazama likizo. Hakuwafundisha. Aliwaambia wasimame mbali na taa.

Kuhusu dini alikuwa na mpango wake. Alikuwa Mwislamu, mumewe Mkatoliki aliyepiga tarumbeta katika bendi, na nyumbani kwao kulifungwa Ramadhani na kukaimbwa Krismasi bila ugomvi. Kabla ya kuchoma Mwislamu alisema Bismillahi. Kabla ya kuchoma Mkristo alijipiga ishara ya msalaba na sindano ikiwa mkononi, nasi tulifumba macho kwa sababu zaidi ya moja. Nilimuuliza siku moja, yeye mwenyewe wakati ule anamwomba nani hasa.

"Mimi?" akasema. "Mimi naomba mshipa isikimbie."

Alikuwa mkali wa usafi kupita kiasi. Alinawa mikono kwa sabuni na maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Mtoto akigusa mkoba wake alipigwa kofi la mkono na mama yake akapigwa maneno. Lakini mwanamke huyo huyo, aliyekuwa ameona watu waliopasuliwa kwa risasi na hakupepesa, alikuwa anaogopa kuku. Kuku akiingia kibandani Sista alipanda kitandani na viatu vyake, akapiga kelele mpaka laini nzima itoke. Watoto walijua. Walimchungia kuku mlangoni akiwa amewakosea, na mimi nilijifanya sioni.

Jambo jingine: hakuna binadamu aliyeruhusiwa kumchoma. Akiugua alijichoma mwenyewe, mkono wa kushoto, akifunga kamba kwa meno. Wauguzi wenzake wa zamani walikuja kumwangalia wakajitolea, akawafukuza wote. Alisema mikono ya watu ina hasira za nyumbani kwao ndani yake. Nikacheka wakati ule. Siku hizi sicheki.

Sasa niseme juu ya vidonge, maana bila vidonge huyu mtu hamtamwelewa.

Sista hakuvichukia. Alividharau, kama mtu anavyodharau shemeji asiye na kazi. "Vidonge ni ya watu ya kutembea," alikuwa anasema. Maana yake, kama unaweza kutembea mpaka kwenye kikombe cha maji, wewe si mgonjwa, nenda kazini. Ugonjwa wa kweli unataka mlango wa kweli, na mlango wa kweli ni mshipa. Kinachopita mdomoni kinakutana na chai, kinakutana na mihogo, kinakutana na maneno yako machafu, kitafika kwenye damu kikiwa na nguvu gani? Alieleza hivyo kwa uhakika, na sisi tulioketi pale tulitikisa vichwa kwa sababu ilieleweka. Uongo unaoeleweka unapendwa kuliko kweli inayotaka kusomewa.

Na hakuwa peke yake. Kambi yote ilikuwa hivyo, na nje ya kambi pia, tusidanganyane. Mtu wa dripu alitembelewa. Chupa ikining'inia msumarini, majirani walikuja na maji ya matunda, na mkate, na ndizi, wakakaa kwenye kitanda cha mgonjwa wakila vitu hivyo hivyo walivyoleta, macho yakiwa juu kwenye matone. Mtu wa vidonge alichota maji yake mwenyewe. Watu walitembea na kanula mkononi, kile kijibomba cha plastiki kinachoachwa ndani ya mshipa na kufunikwa plasta ili dawa ya jioni ipite pale pale. Walikwenda nacho kantini, kanisani, sokoni. Mezani kwangu Nakawa nilishawahi kumpunguzia mwanamke bei ya sketi kwa sababu tu aliinyoosha kwangu kwa mkono wenye kanula. Ilikuwa kama cheo. Sista alijua hilo vizuri, ndiyo maana alipotundika chupa alivuta pazia la mlango upande mmoja, wapitao waone.

Nisiwe mtu wa kusahau mema. Binti yetu alipokuwa mdogo alishikwa na malaria akaanza kukakamaa, macho juu, mvua inanyesha hivi kwamba hata pikipiki hazipiti. Okot alikuwa zamu. Sista aliingia akiwa amelowa, hakunisalimu, akamshika mtoto kichwa kwa mkono mmoja akapata mshipa pale pembeni mwa paji, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilimwona akifanya hivyo. Mvua ilipokatika ndipo tulipompeleka hospitali, na mtoto alikuwa hai kwa sababu ya mkono ule. Leo binti huyo ni mrefu kuliko mimi na ananijibu vibaya. Kila akinijibu vibaya namkumbuka Sista, na nashukuru, na shukrani yenyewe inanichoma.

Maana mkono huo huo ndio ulioingia nyumbani kwangu mara ya pili.

Okot alianza na maumivu ya mgongo, upande mmoja, na haja ndogo inayomuunguza. Askari hawasemi mambo hayo. Alikaa nayo akisimama barabarani juani mpaka siku moja akaanza kutetemeka kwenye joto la mchana, meno yanagongana, wenzake wakadhani amelewa. Wakampeleka hospitali. Wakasema vijidudu vimetoka kwenye figo vimeingia kwenye damu. Walimtoa damu wakaipeleka maabara, na huku wanangoja jibu wakamwekea dripu ya dawa kali. Nilikaa naye, nikimpangusa jasho, nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Halafu homa ikashuka. Akaomba chapati. Akamkaripia mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kukoroma. Nikajua mume wangu amerudi.

Siku waliyomruhusu kutoka mimi nilikuwa sokoni, kwa maana tulikuwa hatujafungua meza muda mrefu. Alirudi kambini na mwenzake wa zamu, kashika bahasha ndogo ya vidonge vyeupe, virefu, vikubwa. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema, "Wamesema nimeze hii mpaka iishe. Basi." Aliviweka juu ya kigoda, karibu na redio. Alimeza jioni ile mbele yangu akakunja uso kama mtoto.

Kesho yake Sista alikuja kumpa pole. Alitazama ukutani, kwenye msumari. Hakuna chupa. Akatazama mkono wa Okot. Hakuna kanula, palikuwa na alama tu. Ndipo akaona bahasha.

Alivuta ulimi kwenye meno, ile sauti ya wanawake wa kwetu wote, pande zote mbili za mpaka. "Hii ndiyo wamekupa? Mtu ya damu kuoza?"

"Wamesema iko sawa, Sista," Okot akajibu.

"Sawa ya nani? Okot, mtoto yangu, wamekufukuza. Wanataka kitanda ya mtu ya pesa. Wewe ni konstebo, watakupatia dripu mpaka lini?" Akamshika mkono, kidole gumba kikaanza kazi yake kwenye kunjo la kiwiko. "Naye mshipa bado iko mzuri. Mimi iko hapa. Hauwezi kufa kama Sista iko hapa."

Sijui niwaelezeje jinsi uso wa Okot ulivyofunguka. Ugonjwa haukumuumiza alivyoumizwa na ile bahasha. Tangu arudi hakuna mtu aliyeleta hata ndizi moja. Alikuwa ameponea chupuchupu, anajijua hivyo, na kambi ilikuwa inamtazama kama mtu aliyeugua mafua. Sista alimrudishia heshima yake. Na mimi niliona mume wangu amepata raha, nikachemsha maji ya kunawa mikono.

Vidonge alivitia kwenye mfuko wa gomesi yake, lile gauni refu la wanawake wa Uganda. "Hii nitapatia mtu ya kichwa kuuma," akasema.

Akatoa sindano aliyokuwa anawapa watu wote. Ni ile ambayo kila mtu Kampala anaijua jina kama anavyojua jina la sabuni, ya kifua, ya tumbo, ya kidonda, ya homa isiyojulikana. Akajipiga msalaba. Akaingia mara moja, bila tone kumwagika. Chupa ikatundikwa juu ya kofia ya kazi ya Okot na pazia likavutwa upande mmoja. Kabla ya jioni kibanda kilijaa watu na mkate. Okot alicheka siku ile, nakumbuka. Alisimulia hadithi ya mwizi wa bata tukaangua kicheko wote, Sista akicheka zaidi, kwa kuwa bata aliwaogopa kidogo kuliko kuku.

Kutetemeka kulirudi polepole. Sista akaongeza. Alikuja asubuhi na jioni, hakukosa, hakutaka hata asante. Mkono wake haukuwahi kuwa mzuri kama siku zile, akibadilisha mshipa bila Okot kushtuka. Nalisema hilo ili mjue hakuwa mzembe. Ningempata na uzembe ningelala vizuri.

Tulipomrudisha hospitali alikuwa haniiti tena kwa jina. Daktari alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, binti Mganda, mwembamba, macho ya kukosa usingizi. Alimtazama Okot, akatazama kanula mpya, akanigeukia.

"Nnyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda, "vidonge alimeza?"

"Alipewa sindano," nikasema. Nilisema kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe, kama mtu anayetetea nyumba yake.

"Sindano gani?"

Nikamtajia. Akafumba macho kidogo kisha akavuta pumzi. "Nnyabo, hiyo sindano kwa kidudu chake ni maji tu. Maabara ilitupatia jibu. Kidudu ilikataa dawa nyingi, hata hiyo sindano ilikataa, vidonge ndiyo inaiua. Na vidonge hivi inafika kwa damu sawasawa na dripu. Ni kwa sababu hiyo tulimwachia aende nyumbani. Nilimwambia yote."

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kiingereza." Akamtazama Okot tena. "Alijibu 'ndiyo madamu'. Kila kitu, 'ndiyo madamu'."

Okot alijibu hivyo kwa kila mtu aliyesimama wakati yeye amekaa. Ungemwambia aruke dirishani angejibu ndiyo madamu. Daktari hakujua, na pale palikuwa na foleni mpaka nje ya mlango. Walimrudishia dripu ya dawa kali ya mwanzo, wakahangaika naye kwa moyo, siwezi kuwasingizia. Lakini damu ilikuwa imepata muda wa kutosha wa kuharibika. Alikufa mchana, watu wanakula.

Kambini walisemaje? Walisema vidonge ndivyo vilivyomuua Okot. Walisema hospitali ilimharibu kabla hajafika mikononi mwa Sista, na Sista alijitahidi. Nilisimama katikati ya laini nikawaeleza maneno ya daktari, nikayarudia kwa Kiswahili cha kwetu na kwa Kiswahili chao, wakanipa pole. Mke wa koplo jirani akaniambia huzuni huleta maneno. Baada ya pale mtu yeyote aliyerudi na vidonge alikimbilia kwa Sista haraka zaidi, asife kama Okot. Mume wangu akawa mfano.

Naye Sista alikuja msibani. Alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akalia kweli kweli, kilio cha mama. Halafu akanishika mkono juu ya kiwiko kunifariji, na pale pale, kwenye kilio, kidole gumba kikaanza kutafuta mshipa. Sidhani alijua. Nikauvuta mkono wangu, na tangu siku ile sikumpa tena.

Mjane wa askari hana kibanda. Walinipa muda wa kufungasha, wakaja wengine kuingia pole. Nilihamia Kasubi, chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, nikaendelea na mitumba yangu. Habari za Sista nilizisikia kwa watu: mumewe amefariki, naye ametoka kambini, amekwenda kukaa na mpwa wake Ggaba, karibu na mwalo wa samaki, ufukweni mwa ziwa. Nilisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya wilaya nyingine.

Mwaka huu mpwa alinipigia simu. Sikuitambua sauti yake. "Mama, mimi mtoto wa dada ya Sista. Anaomba wewe ukuje. Alikataa dawa. Anasema ni wewe tu."

Ningeweza kukata simu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona.

Chumba kilinuka moshi wa samaki, maana nyuma yake ndiko wanakokausha. Sista alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, mashavu yameingia ndani. Na mkono wa kulia, ule mkono, ulikuwa juu ya mto umefungwa bandeji, vidole vimevimba kama mihogo iliyolowekwa. Alikuwa akipaa magamba ya ngege, samaki wa ziwani, akachomwa na mwiba wa mgongoni mwa samaki. Ameona watu wa risasi, akachomwa na samaki. Uvimbe ukapanda, homa ikaja, hospitali wakakuta vijidudu kwenye damu. Walimlaza, wakampa dripu, akapata nafuu. Halafu wakapima, wakamwambia sasa anaweza kumalizia na vidonge nyumbani. Mpwa alikuwa amevipanga dirishani. Havijaguswa tangu arudi jana.

"Mkenya," akasema. "Umenenepa."

"Habari yako, Sista."

"Chini ya kitanda iko mkoba. Dawa iko ndani, mtu amenunulia mimi." Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha. "Huu wa kulia haishiki kitu. Wewe uliona mimi mara nyingi. Utanichoma. Mshipa yangu haikimbii."

Mwanamke ambaye hakuruhusu mtu amchome maisha yake yote alikuwa ananinyooshea mkono. Nikavuta mkoba ule mweusi. Nilifungua. Pamba, kamba, sindano mpya kwenye karatasi zake, na vichupa vya dawa, na dawa ilikuwa ile ile. Sikuhitaji kusoma jina.

Nikakaa na mkoba magotini. Sitawadanganya nilichofikiri. Nilifikiri kwamba sihitaji kufanya ubaya wowote, nahitaji tu kumtii. Nimchome kama anavyotaka, asubuhi na jioni, nitundike chupa, nivute pazia, majirani waje na mkate. Watu wangenisifu kwa wema. Na damu yake ingefanya ilivyofanya damu ya Okot, na hakuna mtu Ggaba nzima ambaye angeniuliza neno. Nilikuwa na hasira ya kutosha. Mkono wangu ulikuwa umejaa hasira za nyumbani kwangu, kama alivyokuwa akisema.

Nikafunga mkoba nikauweka juu ya kabati ambako asingefikia.

"Utameza vidonge," nikamwambia.

"Hapana."

"Hospitali walikuambia nini?"

"Waliniambia." Aligeuza uso ukutani. "Ile daktari ya huko alikaa kwa kitanda yangu, akaeleza mimi kwa Kiswahili, pole pole. Kila kitu. Kidudu gani, dawa gani inaikataa, dawa gani inaua. Nilisikia yote."

"Sasa unakataa nini?"

Nje wanawake walikuwa wanagombania kapu. Aliposema, sauti haikuwa ya Sista niliyemjua.

"Mkenya, nikipona na hii vidonge, basi mimi niliua bwana yako."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua, labda tangu siku nyingi, na kwamba alikuwa amejitafutia mahali pa kutokujua, pafinyu, pa kukaa mtu mmoja. Ningeweza kumwambia neno. Ningemwambia hakukusudia, kwamba hakuna aliyetueleza, kwamba Okot mwenyewe alitaka. Yote ni kweli. Alikuwa ananiangalia akilisubiri neno hilo, na nililiona likinisubiri mdomoni.

Nikamimina maji kwenye kikombe, nikatoa kidonge, nikakishika mbele ya mdomo wake.

"Meza," nikasema.

Akameza. Nikamwambia afungue mdomo, nikatazama chini ya ulimi kama wanavyofanyiwa wafungwa.

Nikamwambia mpwa atandike mkeka, nikalala pale Ggaba mpaka dawa ikaisha. Asubuhi nilimmezesha nikaenda sokoni, jioni nikarudi kummezesha tena. Mpwa alinibusu mikono, akasema mimi ni malaika, akawaambia majirani. Sikumsahihisha. Sikumuuguza Sista kwa upendo. Nilitaka apone, nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu Okot afe, na nilimpikia, nikamwosha, nikamfungua bandeji kila siku nikiangalia uvimbe unavyoshuka, na kila ulivyoshuka nilimwonyesha.

"Tazama," nilimwambia. "Unakunja kidole."

Alitazama.

Hakuna aliyekuja kumtembelea. Chumba hakikuwa na chupa ukutani. Mwanamke mmoja alichungulia, akaona kikombe na vidonge, akasema ugua pole, akaenda zake.

Siku ya mwisho Sista alinawa uso mwenyewe, akavaa gomesi, akakaa mlangoni juani. Kuku wa jirani alipita karibu na miguu yake, naye hakusogea. Nilipochukua mfuko wangu kuondoka nilingoja labda nitasikia utamu fulani, au wepesi. Nilikuwa nimeshinda. Hapakuwa na kitu, kulikuwa na harufu ya samaki na njaa yangu ya asubuhi.

"Za bwana yako zilikuwa nyeupe," akasema, bila kuniangalia. "Ndefu. Sikupatia mtu. Nilitupa kwa choo."

"Najua zilivyokuwa."

Akaninyooshea mkono wa kulia kuniaga. Kidole gumba hakikutafuta chochote, kilikaa kimya juu ya kiganja changu. Nikauangalia mkono ule. Ulikuwa mkavu, wa baridi, ngozi imesinyaa pale uvimbe ulipokuwa, na ulikuwa umepona kabisa.